Bodi Tuliyomchagulia Wycliffe

Mkija hapa kwangu Amalemba kuniuliza ni bodi gani inafaa kwa kompyuta ya michezo ya mtu mwenye mfuko mwepesi, huwa nawajibu harakaharaka halafu nabadilisha mazungumzo. Najua mkishatoka langoni mnasema Mama Brenda amezeeka, kazi imemtoka kichwani. Haijatoka. Macho ndiyo yamekataa. Siku hizi skrubu ikianguka kwenye zulia naiacha iende zake. Lakini kazi naikumbuka, na swali lenu hilo nalikumbuka kuliko mengine yote niliyoulizwa nikiwa fundi. Leo nitalijibu lote. Kaeni, na huyo mwenye simu aizime.

Nitaanza na kazi yenyewe, msije mkasema nimewaita kusikiliza huzuni zangu tu.

Miaka ile ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, kila mteja aliyeingia kwetu aliuliza habari za prosesa. Prosesa ndiyo iliyokuwa inatangazwa, ndiyo watu walijisifia nayo. Hakuna aliyeuliza chipseti. Sasa, chipseti ni zile chipu mbili zilizokaa kwenye bodi, moja karibu na prosesa na nyingine chini kidogo, na ndizo zinazoamua prosesa ipi itakubaliwa, memori itabebwa kiasi gani, na kadi ya picha ya aina gani itaingia. Marehemu Bwana Swaleh, aliyenifundisha kazi, aliniambia niwaeleze wateja kwa mafiga. Una mafiga ya kuchemshia chai ya watu wawili. Hata ununue sufuria ya kupikia matanga, utaiteleka wapi? Prosesa ndiyo sufuria, chipseti ndiyo mafiga. Mteja akishasikia hivyo anaacha kubishana, hasa akiwa mtu anayepika.

Bwana Swaleh alikuwa mtu wa Matungu, Mwislamu wa kanzu safi na vidole vyeusi. Alianza na redio, akahamia televisheni, na kompyuta zilipofika Kakamega akazifungua kwa bisibisi ileile. Mimi nilikuwa mpiga taipu. Ofisi yetu ilipoletewa kompyuta, wengi wetu tuliambiwa twende nyumbani, nami badala ya kwenda nyumbani nikaenda kwa Swaleh nikiwa na hasira. Duka lake lilikuwa korido nyuma ya studio ya picha.

"Asalaam aleikum, Bwana Swaleh," nikamwambia. "Nataka nijue ni nini iko ndani ya hii kitu imenifukuza kazi."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Waaleikum salaam. Ingia, dada. Lakini kwanza toa hizo pete."

Nilizitoa. Pete ikigusa mahali pasipofaa kwenye bodi yenye umeme, mtaagana na bodi na pengine na kidole. Huo ndio uliokuwa mtihani wangu wa kuingia, na kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa korido ile.

Msidhani nilijua haraka. Bodi nyingi zilitufikia bila boksi, zimezungushiwa gazeti, na hukujua zimepita mikono mingapi. Siku moja nilitumwa kununua, nikarudi na bodi ambayo chipu yake kubwa ilikuwa na jina la maana sana, limeandikwa kwa herufi za kumetameta. Nilimkabidhi Swaleh huku nikitembea kama mtu aliyeokota ng'ombe. Yeye akaenda kwa jirani yetu wa saluni, akaazima mashine ya kukausha nywele, akaipulizia ile chipu moto kidogo, kisha akaingiza ukucha pembeni. Jina likabanduka lote. Chini yake kulikuwa na jina lingine, chipu nyingine kabisa, ya bei ya chini.

"Dada," akasema, "huyu bwana harusi umeangalia suti tu."

Akaigeuza bodi akanionyesha jambo lingine. Kulikuwa na chipu ndogo zimepangwa vizuri pembeni, zile ambazo kazi yake ni kuharakisha memori. Njia za shaba zilizotakiwa kutoka kwenye miguu ya chipu hizo hazikwenda popote. Chipu zenyewe zilikuwa plastiki tupu, zimewekwa pale kama meno ya bandia. Nilitaka kulia. Swaleh aliitundika ile bodi ukutani juu ya meza yangu, na kila nilipoanza kujiona fundi aliiashiria kwa kidevu. Kwa hiyo nyinyi mnaoagiza vitu kwa kuangalia picha kwenye simu, mimi sina la kuwacheka.

Halafu kulikuwa na yule mzee wa Mautuma mwenye mashine ya kusaga mahindi. Alinunua kompyuta ya watoto wake kwetu, ikafanya kazi vizuri. Baadaye akapata memori mahali pengine, akaiongeza yeye mwenyewe, akijua kwamba ng'ombe akiongezwa chakula huongeza maziwa. Kompyuta ikawa nzito. Alikuja nayo imefungwa nyuma ya baiskeli, akaiweka mbele yangu.

"Mama Brenda, hii kitu umeiroga."

"Nimeiroga vipi, mzee?"

"Ilikuwa inakimbianga. Nimeilisha, sasa inalala. Uko na kitu uliwekanga ndani."

Chipseti ya bodi yake, tuliyoiita TX, ilikuwa na uwezo wa kuharakisha memori hadi megabaiti sitini na nne. Ukiipa zaidi ya hapo inaibeba, lakini ile ya ziada inakwenda kwa mwendo wa konokono, na mashine inavutwa nyuma. Nilimweleza kwa mafiga, hakusikia. Nikachomoa ile aliyoongeza mbele ya macho yake, nikawasha, ikakimbia. Aliondoka akiwa ameshawishika kabisa kwamba nimetoa uchawi wangu mwenyewe, na kila alipokuja mjini baada ya hapo alinisalimia kwa mbali.

Na radi je? Mtu wa Nairobi angekuuzia bodi yenye kila kitu ndani, picha humo, sauti humo, modemu humo, akuambie umeokoa pesa. Nairobi ni sawa. Hapa kwetu mawingu yakishakusanyika upande wa msitu baada ya chakula cha mchana, kila fundi anachomoa waya bila kuambiwa. Radi ilikuwa inaingia kwa waya wa simu unaochomekwa kwenye modemu. Ikikuta modemu imejengwa kwenye bodi, inakula bodi nzima. Ikikuta modemu ni kadi iliyochomekwa peke yake, mara nyingi inakula kadi na kushiba hapo. Nimezika bodi nyingi za kila-kitu-ndani kwa sababu ya mtu aliyesahau waya mmoja. Hilo liandikeni.

Sasa kanuni. Swaleh alikuwa na kanuni moja ya kununua, na aliisema kwa kila mteja: bodi ya kesho, prosesa ya leo. Maana yake, ukiwa na pesa kidogo, usizimalizie kwenye prosesa. Nunua bodi yenye chipseti inayoweza kukua, uanze na prosesa dhaifu, na ukipata pesa tena ubadilishe prosesa na kuongeza kadi bila kutupa bodi. Ni kanuni nzuri na bado naiheshimu. Niliwauzia kwa kanuni hiyo walimu, makarani, hata kanisa moja, na wote walinishukuru. Mtu mmoja tu ndiye natamani asingewahi kuisikia.

Wycliffe alikuwa karani kwenye kiwanda cha sukari, kijana mrefu, mcheshi, anayeanza kucheka kabla hujamaliza kusema. Aliugua, akarudi kwa mama yake hapahapa Amalemba, nyumba ya tatu kutoka kwa fundi viatu. Ugonjwa wenyewe haukuwa unatajwa. Miaka ile watu walisema mtu ana kifua, au ana malaria isiyosikia dawa, halafu kila mmoja akatazama pembeni. Mama yake alikuwa mjane, muuzaji wa nguo za mitumba sokoni, mwanamke wa maneno machache na mgongo ulionyooka. Aliyemsaidia ni kaka yake, mjomba wa Wycliffe, mkulima wa miwa wa Butali.

Kwa nini mgonjwa atake kompyuta ya michezo? Nilimuuliza mwenyewe, siku aliyokuja peke yake kuuliza bei, akakaa kwenye kiti cha wateja kupumua kwanza. Kule kiwandani, kazi ikiisha, yeye na wenzake walikuwa wakicheza mpira na mbio za magari kwenye kompyuta ya ofisi. Alipolala nyumbani, marafiki walikuja mara ya kwanza na sukari na mkate, wakaja tena na maombi, kisha wakapungua. Mgonjwa hana habari mpya ya kuwasimulia watu.

"Wakikuja wanaangalianga ukuta, Mama Brenda," aliniambia. "Nikiwa na mashine ya kucheza vizuri, wataangalia hiyo. Watakaa. Watagombana ni zamu ya nani. Mimi hata nisipocheza ni sawa, bora nasikia kelele yao."

Hicho ndicho alichotaka: nyumba yenye watu. Nami nilielewa, kwa hiyo siwezi kusema sikujua nilichokuwa nauza.

Walipokuja kununua walikuja watatu, yeye, mama yake na mjomba. Swaleh alikuwa pale na chai yake. Niliweka bodi mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya chipseti ya kizazi kilichokuwa kinaisha. Prosesa zake zilishashuka bei na nguvu zilikuwa nazo za kutosha, kwa hiyo kungebaki kitu cha kununulia kadi ya picha ya michezo, zile kadi mpya wakati huo, zilizochora magari na nyasi za uwanjani bila kusitasita. Kasoro yake ilikuwa moja: imefika mwisho wa njia. Prosesa za miaka iliyofuata zisingeingia humo. Ya pili ilikuwa ya chipseti ya BX, na mpaka leo sijashika bodi niliyoipenda zaidi. Ingepokea prosesa ambazo zilikuwa hazijatengenezwa bado. Lakini ingekula karibu kila kitu walichokuja nacho, na Wycliffe angeanza na prosesa dhaifu kuliko zote na kadi ya picha inayotosha kuandikia barua tu. Kadi ya michezo ingesubiri miwa ya mjomba ikatwe.

Mjomba aliinama akazitazama zote mbili kama anayenunua ndama. "Sasa fundi, hii ya kwanza itakaa miaka ngapi?"

"Itacheza vizuri sana mwaka huu na pengine mwaka kesho," nikasema. "Baada ya hapo michezo mipya itaishinda."

"Na hii ingine?"

"Hiyo itakua pamoja naye."

Neno lilinitoka kwa mazoea. Nilikuwa nalisema kwa kila mteja. Liliposhuka mezani hakuna aliyejitikisa. Wycliffe alikuwa amekonda kiasi kwamba saa yake alikuwa ameifunga juu ya mkono wa sweta ili isimteleze. Wote tulikuwa tunaiona saa hiyo.

Mama yake akaweka mkono begani kwake. "Basi hiyo," akasema. "Wycliffe bado ni kijana. Tumchukulie kitu ya kukaa nayo."

"Kabisa," mjomba akaitikia upesi. "Mtu ananunua kitu ya kukaa nayo."

Swaleh aliangalia ndani ya kikombe chake.

Nyinyi vijana mtashangaa kwa nini hakuna aliyefungua mdomo. Siku hizi mnaongea kila kitu, hata mbele ya daktari mnabishana. Kwetu mtu aliye hai hapimiwi siku. Ukisema mbele ya mama wa mgonjwa, mchukulie hii itakayotosha mwaka huu, umeshataja kaburi, na mgonjwa akizidiwa juma linalofuata, watakumbuka mdomo uliosema. Hata nguo mpya mgonjwa hakununuliwa yenye kumtosha. Alinunuliwa iliyozidi kidogo, kwamba atanenepa aijaze. Basi ile kanuni ya Swaleh ilitufaa sana siku ile. Bodi ya kesho. Ilitupa sote njia ya kusema atapona bila kusema kwamba anaumwa.

Nilimgeukia Wycliffe, maana mashine ilikuwa yake. Alikuwa ameshika boksi la ile kadi ya michezo, lenye picha ya gari jekundu, analigeuza kusoma nyuma. Akalirudisha mezani taratibu, akalinyoosha lilingane na ukingo.

"Ya mama iko sawa," akasema.

Niliiunga kompyuta na kumpelekea nyumbani siku iliyofuata. Mama yake alikuwa sokoni. Nikapiga magoti nyuma ya meza kupanga waya, na Wycliffe akaniambia kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mimi ningechukua ile ingine."

Nilitoka kule nyuma nikamtazama. "Mbona hukusema, mwanangu? Bado tunaweza kubadilisha."

"Nikisema nataka ya leo, mama atasikia nini?" Akatabasamu. "Mama Brenda, hapa kwetu kuku inachinjwanga mgeni akikuja. Wiki imepita mama alinichinjia ingokho, na hakuna mgeni alikuja. Nikakula. Nikajua mgeni ni mimi."

Nilikaa pale sakafuni nikiwa na waya wa kibodi mapajani.

"Usimwambie najua," akasema. "Wacha akae na hiyo kesho yake. Inamsaidia."

Nikamwahidi.

Marafiki walikuja, msidhani hawakuja. Siku ya kwanza nilikuwepo, nyumba ilijaa, viatu vilifunika mlango. Lakini mchezo wa mbio haukuwa unakwenda. Gari likifika kwenye kona, skrini inasimama kwanza kufikiria, na ikimaliza kufikiria gari liko ukutani. Kwenye mpira wachezaji walijikokota kama watu wanaovuka matope ya mto, na mlinda lango aliruka mpira ukiwa umeshaingia. Vijana walicheka, Wycliffe akacheka nao. Nilipunguza ukubwa wa picha mpaka ikawa kidirisha kidogo katikati ya skrini, nikazima vivuli, nikazima sauti za mashabiki, nikafanya kila ujanja niliojua. Hakuna ujanja wa kuziba pengo la kadi ambayo haipo.

Karibu na soko kulikuwa na jamaa mwenye televisheni za kuchezea michezo kwa kulipia, na kwake gari lilikata kona vizuri. Vijana ni vijana. Walirudi kwa Wycliffe wachache, kisha wachache zaidi, na mwishowe nikipita namkuta peke yake, anacheza karata za kompyuta, mchezo ambao bodi yoyote ingeuweza, hata ile ya plastiki iliyotundikwa juu ya meza yangu.

Nilimweleza Swaleh. Kesho yake nilikuta kadi ya michezo imewekwa juu ya meza yangu, ileile ya gari jekundu. "Mpelekee," akasema. "Si ya kununua. Mwambie tunaijaribu."

Niliingia kwa Wycliffe kama mwizi, boksi ndani ya kikapu chini ya sukuma wiki. Alipoliona alikaa kitandani, na kwa muda mfupi nikaona yule kijana wa kucheka kabla ya kuambiwa. Akalishika. Kisha akaniuliza, "Miwa ya mjomba imekatwa?"

"Bado."

"Basi rudisha, Mama Brenda."

"Nitamwambia mama yako tunaijaribu tu."

"Mama si mtoto. Tulisema itakuja miwa ikikatwa. Ikikuja leo atajua umeona kitu kwa uso yangu." Akanirudishia boksi. "Mwambie Bwana Swaleh Mungu ambariki."

Nilimsihi. Nilimwambia kwamba mama hatajua tofauti ya kadi na kadi, kwamba nitaificha ndani ya kasha, kwamba vijana watarudi wakisikia. Akatikisa kichwa, kwa upole, kama mtu mzima anayemkatalia mtoto peremende. Vijana wakirudi ghafla, alisema, mama atauliza kwa nini. Nikaondoka na boksi langu. Swaleh alipoona nimerudi nalo alilichukua bila kuuliza, akaliweka kwenye rafu ya juu, akaenda nje kusimama.

Wycliffe alifariki kabla miwa haijakatwa.

Basi hilo ndilo jibu langu, na sasa mnajua kwa nini huwa nalipita mbio. Bodi ya BX ilikuwa bora. Yeyote atakayewaambia vinginevyo hajui kazi. Siku hizi majina ni mengine na nambari ni nyingine, ila mafiga ni yaleyale. Angalia chipseti inakubali prosesa zipi, angalia memori inafika wapi, angalia nafasi ya kadi, fuata njia za shaba kwa macho yako, bandua majina ya kumetameta. Lakini kabla ya yote hayo muulize mwenye mashine ataicheza lini na atacheza na nani, na umuulize akiwa peke yake, asiwe amezungukwa na watu wanaompenda. Mimi niliuliza mbele ya mama na mjomba. Natamani ningemwita kando, hata kwa kisingizio cha kumwonyesha waya. Tulikuwa watu wanne wazima kwenye ile korido ukimtoa yeye, na wote tulimpenda au tulianza kumpenda, na bado tulimuuzia kitu asichokihitaji.

Mama yake alikuja dukani baada ya matanga kwisha. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, amekifunga leso. Swaleh alimpa pole, akamsogezea kiti, kisha akasema anakwenda kuswali ingawa adhana ilikuwa bado. Tukabaki wawili.

"Mama Brenda, nataka kukuuliza kitu," akasema. "Unijibu vile mwanamke anajibu mwenzake."

"Uliza, mama."

"Siku ile, ile ya kwanza ndiyo ilikuwa ya Wycliffe. Si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Nilijua. Mambo ya kompyuta mimi sijui, lakini niliona vile alishika ile boksi. Nikasema moyoni, nikimchukulia hiyo ya siku kidogo, atajua mimi nimechoka kungoja apone. Nikataka asikie na mdomo yangu kwamba ako na kesho." Akakunja pindo la leso yake, akalikunjua. "Na alisikia. Hiyo tu ndiyo inanifarijinga. Alienda bila kujua. Si ndiyo?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema ndiyo. Kila nilichofunzwa na watu wangu kilinisukuma niseme ndiyo, na ahadi niliyompa mwanawe ilinisukuma hukohuko. Lakini alikuwa ameniomba nimjibu kama mwanamke mwenzake, na nilikuwa nimechoka kubeba lile neno peke yangu.

"Alijua, mama," nikasema. "Alijua kabla hamjaja hapa. Alichukua hiyo ya kesho kwa sababu yako. Aliniambia nisikuambie."

Nilidhani atalia, nikaweka mkono tayari. Hakulia. Alinitazama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefarijiwa wala wa mtu aliyekasirika.

"Kumbe tungeongea," akasema. "Kila jioni nilikuwa nakaa pale kwa kitanda namwambia, utapona, na yeye ananiambia, ndiyo mama. Kila jioni. Kumbe tungeongea."